Gamba Ndani ya Swichi

Tulipoachana wiki iliyopita, donge la nywele lilikuwa mezani na Bilonda alikuwa anajizuia kutapika. Kama wewe ni wa kusoma gazeti huku unakula, leo weka sahani pembeni kwanza. Mimi nimeshakuonya.

Donge lilikuwa jeusi, limelowa mafuta, linanuka sufuria ya wiki nzima. Ekofo, mpiga gitaa la solo wa kanisa la Ushindi wa Asubuhi, alikuwa amelichomoa mbele ya waumini wote ndani ya pedali yake ya mwangwi, kile kiboksi cha kukanyaga kinachorudisharudisha sauti ya gitaa. Ni pedali ile ile aliyotengenezewa na Bilonda mwezi uliopita.

Pedali tatu za Ekofo zilikuwa zimekufa kwa kufuatana, na zote zilikuwa zimepita mezani kwa fundi huyo huyo. Jumapili iliyopita gitaa lilikata katikati ya maombi ya wagonjwa, na mama mmoja aliyekuwa ameanza kuinuka kwenye kiti akakaa tena. Basi watu wakajumlisha wenyewe.

"Kiri," akasema Mchungaji Makiese. Alikuwa na suti nyeupe na sauti ya upole, na upole wake ndio uliotisha. "Kiri kabla jua halijazama, binti yangu, tukuombee. Usipokiri, sisi hatuna la kufanya."

Hakuna mtu wa mtaa wetu wa Ngiri-Ngiri asiyejua maana ya maneno hayo. Ukishaitwa mchawi kanisani jioni, asubuhi godoro lako liko barabarani na hakuna wa kukuuzia hata chumvi. Wengine hawakuwahi kufika hiyo asubuhi.

"Mwanangu si mchawi," sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa Mama Ntumba, mama yake Bilonda, beseni lake la samaki wa kukaanga likiwa kichwani, limefunikwa kitambaa. "Mwacheni mwanangu."

"Nyamaza, mama, tunajua uchungu wako," akajibiwa.

Bilonda akavuta leso aliyokuwa ameifunga puani. Huyu dada alikuwa fundi wa aina ya peke yake: mikono haina woga, ila tumbo jepesi kupita kiasi. Alikuwa anatengeneza redio na pedali za gitaa chini ya bati la kanisa, na kila alipofungua kitu alichokikojolea panya, alikwenda kutema mate nje kabla ya kuendelea. Na ulimi wake ulikuwa hauna breki.

"Nikitaka kumroga Ekofo," akasema, "ningemroga mdomo. Gitaa lake halina kosa."

Watu wawili watatu wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba hawatakiwi kucheka.

"Na nywele hizi?" Ekofo akauliza. Alikuwa amesimama na viatu vyake vya ngozi ya mamba, miguu mbali na meza ili visichafuke. "Nywele za nani umeziweka kwenye sauti yangu? Za mama yangu?"

"Nipeni pasi yangu ya kuyeyushia risasi," akasema Bilonda. " Jenereta inaunguruma bure huko nje."

Wakatazamana. Mchungaji akatikisa kichwa kukubali. Pasi ikaletwa, ikachomekwa, ikapata moto. Bilonda akachukua unywele mmoja kwa kibanio, akaugusisha ncha ya pasi.

Unywele haukuungua. Uliyeyuka, ukajikunja, ukawa kitone kidogo cheusi kinachong'aa.

"Nywele za mtu zinanuka kwato zikiungua," akasema. "Hii ni plastiki ya dukani. Dada zangu wa kwaya, kila Jumamosi mnasukana nyuma ya jukwaa, mabaki mnayaacha sakafuni. Pedali zinakaa sakafuni. Na huyu mheshimiwa kifuniko cha chini amekipoteza, amebandika utepe wa kufungia maboksi. Kwa nini nywele zisiingie?"

Wasichana wa kwaya wakaanza kushika vichwa vyao. Ekofo akatazama viatu.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Subutu.

"Wachawi wa zamani walitumia nywele za marehemu," akasema Mchungaji Makiese kwa upole ule ule. "Wa siku hizi wananunua dukani. Shetani naye anakwenda na wakati."

"Amina," watu wakaitikia.

Bilonda alihisi kichefuchefu cha pili, na hiki hakikutokana na mafuta. Watu hawa aliwajua. Yule pale alimtengenezea redio ya baba yake kabla mzee hajafa. Yule wa kiti cha mbele ndiye aliyemshonea Bilonda gauni lake la ubatizo. Sasa wote walikuwa wanamwangalia kama mende aliyeonekana kwenye maziwa, wanangoja nani atakuwa wa kwanza kumkanyaga.

"Nileteeni pedali zote tatu," akasema. "Zilizokufa. Tuzipasue hapa hapa, kila mtu aone kilichoziua. Mkiona uchawi, godoro nitalitoa mwenyewe."

"Tusipoteze muda wa Bwana," akasema Shemasi Mpia haraka haraka. Huyu Mpia alikuwa mwembamba, mwenye kunyenyekea, mtunza vyombo na mtunza mafuta ya upako. Hakuwa amesema neno tangu mchana, na kumbe neno lake la kwanza lilikuwa la kuzuia.

"Zilete," akasema Ekofo. "Ni zangu. Nataka kujua."

Zikaletwa. Bilonda akafungua, akaweka mezani mita yake ya kupimia umeme. Kosa la pedali karibu siku zote ni swichi, kile kitufe cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu. Hicho ndicho kinachopigwa na viatu usiku na mchana. Tumboni kina miguu tisa midogo ya shaba, mitatu mitatu.

"Sikilizeni, ili msiseme nimewafumba macho," akasema. "Swichi ikiwa nzima, nikigusa mguu wa katikati na wa mwisho, mita inalia. Nikibonyeza, upande huo unanyamaza, unalia upande wa pili. Ikinyamaza kote kuwili, swichi ni maiti na gitaa ni bubu."

Akagusa. Kimya. Akabonyeza. Kimya. Akahamia mstari wa pili na wa tatu. Kanisa zima lilikuwa linasikiliza kimya cha mita, nacho kilizidi kuwa kizito.

"Maiti," akasema mtu nyuma.

"Zote tatu," akasema Bilonda. "Sasa tuwafanyie uchunguzi."

Aliyeyusha risasi mguu mmoja baada ya mwingine, upesi, maana pasi ikikawia hapo plastiki ya ndani inalegea na vyuma vinahama mahali pake. Swichi mpya Kinshasa si kitu cha kwenda kununua. Unamwagiza mtu anayerudi kutoka Ulaya, naye anakuletea kofia. Kwa hiyo fundi wa hapa haitupi swichi iliyokufa, anaiokoa, na kama haiokoki anaila viungo vyake.

Akaing'oa ya kwanza. Akainua kwa kisu yale masikio manne ya bati yanayoshika kasha. Kasha likafunguka.

Harufu ikatoka.

Mama wa kiti cha mbele akafunika pua kwa Biblia. Ndani mlikuwa na vibembea vitatu vya shaba, vile vipande vinavyopinduka huku na huku kupitisha umeme, lakini havikuonekana. Vilikuwa vimezama katika uji wa kahawia, mzito, unaovutika kama ulimbo. Juu ya uji huo ulikuwa umelala mguu wa mende, na pembeni yake ubawa, na pembeni ya ubawa mende mwenyewe, amekauka nusu, nusu bado mbichi.

Bilonda akaondoka mezani bila kuaga. Akafika ukutani, akatapika.

"Oneni, mapepo yanamtoka," akanong'ona mtu.

"Ni chai inayonitoka," akasema Bilonda akirudi, anafuta mdomo. "Mapepo yangekuwa na adabu zaidi ya hiki kitu."

Akafungua ya pili. Uji ule ule. Springi imeshika kutu, vibembea viwili vimeungua. Ya tatu, vibembea vizima kabisa, ila kasha limelegea. Na chini ya kibembea cha katikati, kati ya shaba na shaba, mlikuwa na kitu chembamba, cha mviringo, kinachopitisha mwanga. Akakichomoa kwa kibanio, akakitazama kidogo, akakiweka juu ya karatasi. Hakusema kitu. Mnajua ulimi wake ulivyo. Akinyamaza, kuna jambo.

Halafu akafanya kazi yake. Aliviosha vyuma kwenye kisosi cha spiriti ya zahanati mpaka spiriti ikawa rangi ya mtaro. Akasugua sehemu za kugusana kwa kipande cha boksi. Akachukua kasha la ile ya kwanza, vibembea vya ile ya tatu, na springi ya kwanza ambayo ilikuwa bado ina nguvu, akaviunga kuwa swichi moja. Akakunja masikio ya bati kwa koleo.

Akashika mita.

Pii.

Akabonyeza. Upande ule ukanyamaza, upande wa pili ukalia. Mstari wa pili, pii. Mstari wa tatu, pii. Watu walikuwa wamesogea mpaka kivuli chao kikafunika meza, na kila pii ilimwondolea Bilonda kilo moja mgongoni.

Akairudisha swichi kwenye pedali ya mwangwi, akachomelea miguu, akamsukumia Ekofo. "Kanyaga. Na hicho kiatu chako cha mnyama."

Ekofo akavaa gitaa. Akakanyaga. Akagusa uzi mmoja tu, na sauti ikatoka, ikaenda kugonga bati, ikarudi mara nyingi, kila mara ndogo zaidi. Akapiga tena. Vidole vikamponyoka vyenyewe, vikaanza kukimbia, na nyuma kule mtu akaanza kupiga makofi. Kabla hujapepesa macho nusu ya kanisa ilikuwa inacheza. Mtu mmoja tu alikuwa amesimama wima kama mlingoti, naye ni Shemasi Mpia.

Bilonda akakaa kwenye kiti cha plastiki. Imekwisha, akajiambia.

Mchungaji akainua mkono. Gitaa likanyamaza.

"Nawauliza," akasema. "Pedali hii mafundi wawili wa Matonge waliishindwa, au sivyo, Ekofo?"

"Waliishindwa, Baba."

"Na huyu ameifungua mbele yetu, ikapona. Fundo hufunguliwa na nani kirahisi hivyo? Na aliyelifunga."

Makofi yakafa. Watu waliokuwa wanacheza wakarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na meza ikabaki peke yake katikati na Bilonda amekaa nyuma yake. Msomaji, nimesimulia mengi katika hadithi hii, lakini hili lilinitia kinyaa kuliko mende. Ukishindwa kutengeneza wewe ni mchawi, ukifaulu wewe ni mchawi zaidi.

"Sijamaliza," akasema Bilonda. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akainua kile kitu chembamba kwa kibanio, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango. "Hiki nimekitoa ndani ya swichi. Kimekaa kati ya shaba na shaba, umeme utapita wapi? Nani aniambie ni nini?"

Mama wa Biblia akasogea, akakaza macho. "Hilo ni gamba la samaki."

"Samaki?" Ekofo akashtuka. "Mimi samaki nakula nje. Sijawahi kula jukwaani."

"Hukanyagi kwa mdomo, usijali. Niambie jambo moja. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi, nani anapita kwenye vyombo?"

Macho yakamgeukia Shemasi Mpia, kwa sababu wote walijua. Ilikuwa desturi ya kanisa lile tangu liko chini ya turubai: kila chombo hupakwa mafuta ili pepo asipate kupita kwenye waya. Maikrofoni hupata tone. Ngoma hupata tone. Pedali za gitaa hupata mkono mzima wa mafuta, kwa sababu ziko chini na zinakanyagwa, na kilichokanyagwa kinahitaji kutakaswa zaidi. Mafuta yanashuka kwenye ule mti wa swichi, kile chuma kinachobonyezwa, taratibu, mpaka tumboni.

"Pedali ya mpiga besi mbona haijafa?" Bilonda akaendelea. "Kwa sababu kila Shemasi akipita, yule bwana anaificha kwenye begi. Anaogopa kuchafuliwa. Muulizeni."

Mpiga besi akakohoa na kutazama juu.

"Unayatukana mafuta ya upako," akasema Mpia.

"Mafuta ya zeituni nayajua, Shemasi. Hayana magamba. Lete chupa."

"Chupa ile haiguswi na mikono michafu."

Ekofo hakusubiri. Sifa yake moja ni kwamba aliipenda sauti ya gitaa lake kuliko alivyomwogopa mtu yeyote. Akapanda madhabahuni na viatu vyake vya mamba, akarudi na ile chupa ndefu yenye picha ya tawi la mzeituni, akaiweka mezani kwa kishindo. Mchungaji Makiese mwenyewe akatoa leso yake nyeupe mfukoni. Sitaki kumsingizia mtu: uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kuujua ukweli huku akiuogopa.

"Chuja," akasema.

Bilonda akatandaza leso juu ya bakuli, akamimina.

Mafuta yalikuwa meusi. Yalipita polepole, na kila yalipopita yaliacha kitu juu ya leso. Punje za unga ulioungua. Magamba, mengi, yanang'aa kama kucha za mtoto. Pezi zima. Jicho moja la samaki, jeupe, limekauka, linatazama bati. Na kipande cha jani kilichokaangwa mpaka kikawa kama karatasi.

Halafu mkono mmoja ukapanda kwenye paji la uso, pale Shemasi anapowapaka mafuta yale kila ibada, na mwingine, na mwingine. Watu walianza kujifuta. Walijifuta kwa mikono, kwa vitenge, kwa karatasi za nyimbo. Msichana mmoja wa kwaya alikuwa anajikwaruza kwa kucha mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mmoja alitapika na wengine wakafuata, kama wanaopokezana.

"Mwanangu alikuwa na homa," akasema baba mmoja, taratibu sana. "Shemasi, ulimnywesha kijiko. Wewe mwenyewe. Ulimshika kidevu."

Mpia akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ngoma. "Na mimi niliuziwa. Niliambiwa ni zeituni."

"Na nani?"

"Sokoni."

"Nani sokoni?"

"Mama mmoja tu." Alikuwa anatazama chini, lakini macho yake yalipanda mara moja, haraka, kuelekea mlangoni, yakashuka tena.

Bilonda aliyaona. Alikuwa ameshika lile jani. Bila kufikiri akalivunja kati ya vidole, akalipeleka puani.

Lilikuwa jani la mlimau.

Wakaanga samaki wa Kinshasa wako wengi kuliko nzi wao. Anayetupia jani la mlimau kwenye mafuta ili kuua harufu ya kuchacha ni mmoja. Bilonda alikulia chini ya harufu hiyo. Ilikaa kwenye sare yake ya shule, kwenye mto wake, kwenye mkate wake. Watoto wenzake walikuwa wanamwita Mafuta. Aliacha kula samaki siku alipopata nguvu ya kukataa, na hajala tena, na ndiyo maana tumbo lake limekuwa jepesi namna ile. Na mwenye kukaanga hakuwahi kuwa na subira ya kuparua magamba vizuri.

Hakugeuka mlangoni. Hakuthubutu.

"Bilonda," akasema Mchungaji. Upole ulikuwa umemtoka, alikuwa anajifuta paji la uso kwa mkono wa suti. "Tumeona. Wewe unajua vitu. Umeligundua jani hilo, nimekuona. Mtaje mwenye mafuta haya, na jina lako linasafishwa hapa hapa, mbele ya wote. Usipomtaja, nitajua ninyi ni kitu kimoja."

Neno moja tu lilitakiwa. Lilikuwa limekaa mdomoni. Lakini yule baba wa mtoto mwenye homa alikuwa ameokota kipande cha tofali kinachozuia mlango, na wenzake wawili walikuwa wanatafuta chao. Neno lenyewe ni Mama.

"Sijui," akasema.

"Anajua," watu wakasema. "Anamficha mwenzake."

"Basi tumwite anayejua mafuta," akasema Mchungaji. "Mama Ntumba. Umekaanga tangu hatujazaliwa wengine. Njoo utuambie hiki ni nini."

Mama Ntumba akateremsha beseni kichwani. Akalibeba kiunoni mpaka mezani, akaliweka chini miguuni pake, kitambaa juu. Alipoinama, mdomo wake ulipita karibu na sikio la binti yake, akasema kwa Kiluba, kwa sauti ya kumwomba mtu chumvi:

"Wewe una ufundi, utaishi popote. Mimi nina karai tu."

Bilonda alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri sana.

Mama Ntumba akachovya kidole kwenye bakuli. Akakilamba. Akalamba polepole, mbele ya watu waliokuwa bado wanatapika, na uso wake haukukunjamana hata kidogo. Mwanamke huyu nyumbani kwake alipikia mafuta mapya. Hakuwahi kutia mdomoni kitu kilichotoka kwenye karai lake la biashara.

"Zeituni," akasema. "Yamekaa juani, ndiyo maana yamekuwa meusi."

"Na magamba?"

Alikuwa na machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli, hilo ndilo la kuchefua.

"Baba Mchungaji, mama hawezi kumsema mwanawe. Lakini mmeniuliza kanisani. Huyu mtoto tangu mdogo hali samaki wangu. Nikimpa anatapika. Mtu anayekataa chakula cha mama yake mchana, mnadhani usiku analishwa na nani?"

Sauti iliyopita kanisani ilikuwa kama ya maji yanayoanza kuchemka. Bilonda alishika ukingo wa meza. Alifikiri tumbo lake halina kitu tena cha kutoa, kumbe lilikuwa nacho, na hakikuwa chakula. Alimwangalia yule mwanamke, kidole chake bado kinang'aa mafuta, na kwa mara ya kwanza hakuhisi kinyaa cha harufu. Alihisi kinyaa cha kwamba pua yake na pua ile zilikuwa pua moja.

"Mmesikia," akasema Mchungaji Makiese. Alionekana kama aliyetuliwa mzigo; afadhali mchawi mmoja kuliko chupa ile. "Mama mzazi amesema. Shemasi, mtoe nje."

Mpia, ambaye dakika chache nyuma alikuwa ananuka kifo, akanyoosha mkono kumshika Bilonda bega.

"Subiri," akasema Ekofo.

Alikuwa ameinama juu ya bakuli. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho kama anavyofumba akitafuta sauti ya uzi. Akameza.

"Mimi nakula kwa Mama Ntumba kila jioni," akasema. "Perege na kwanga ya muhogo, pilipili pembeni. Tangu niko kijana. Ladha hii naijua kuliko ya mke wangu." Akafumbua macho. "Hii si zeituni, mama."

"Umechoka, mwanangu. Umeshtuka."

"Ekofo, acha," akasema Mchungaji.

"Siachi. Pedali zangu tatu." Akaelekeza kidole sakafuni. "Mama, funua beseni."

"Ni samaki tu."

"Nimesema funua."

Watu wakatazama beseni. Bilonda naye akatazama, na akaona kile ambacho angetoa chochote asikione. Katikati ya kitambaa palikuwa pameinuka kidogo, pembeni ya samaki, mwinuko mwembamba wa shingo ya chupa ndefu. Leo ilikuwa Jumamosi. Ilikuwa siku ya kumletea Shemasi chupa mpya.

Mama Ntumba alikuwa ameganda. Hakumtazama Ekofo wala Mchungaji. Alimtazama binti yake, na midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti.

Yule baba wa tofali akapiga hatua. Ekofo akainama. Mpia akamwachia Bilonda bega, akarukia beseni. Mikono mingi ilikwenda chini kwa pamoja.

Wa kwanza kufika kwenye kitambaa ulikuwa wa Bilonda.